Februari Thelathini

Subilaga Mwaitebele alikuwa ameshaumba watu zaidi ya elfu mbili, na asubuhi ile alikuwa akimwumba mmoja atakayezaliwa kesho.

Aliandika jina la uongo, akaweka tarehe ya kuzaliwa, akabonyeza. Skrini ikawa nyekundu: *Tarehe ya kuzaliwa haiwezi kuwa mbele ya leo.* Akatia vema kwenye orodha yake. Akaumba mwingine asiye na jina. Nyekundu, vema. Mwingine mwenye jina la herufi mia tatu. Nyekundu, vema. Mwingine aliyeomba kutoka Jumatano na kurudi Jumanne iliyotangulia. Huyo naye akakataliwa.

Kazi ya Subilaga ilikuwa kujaribu fomu za kila aina. Wenzake walizitengeneza, yeye akaziongopea. Alitakiwa kuongopa kwa kila namna ambayo mtu mchovu, mzembe au mjanja angeweza, na kuhakikisha kwamba kila uongo unakwama. Alikuwa hodari. Katika miaka mitatu aliyokaa ndani ya mlima Ikombela, hakuna fomu iliyopita mikononi mwake ikaja kuvuja baadaye.

Chumba chake kilikuwa Sakafu ya Pili, mita mia nne chini ya ardhi ya Rungwe, ambako Kampuni ilivuna mvuke wa volkano na kuwasha taa za nusu ya nchi. Ukuta ulikuwa wa vuguvugu mchana kutwa, kama mgongo wa ng'ombe. Kwenye meza, kando ya kompyuta, palikuwa na kijisanduku chenye taa moja. Hicho kilikuwa mlango wake wa majaribio: fomu ikikubali, taa inakuwa kijani, kumaanisha kwamba lango halisi la juu lingefunguka.

Lango hilo halikuwa na kitasa wala ufunguo. Lilitii mfumo ulioitwa Mhesabu, na Mhesabu ulitii fomu. Aliyetaka kutoka alijaza visanduku vitano: jina, nambari, sababu, tarehe ya kurudi, na cha mwisho chenye nyota nyekundu, *Nambari ya atakayeziba nafasi yako*. Nyota ilimaanisha lazima.

Hapo ndipo watu walipokwama. Mikataba ilikuwa ya miezi sita, lakini mtu hakutoka hadi apatikane wa kuziba nafasi yake, na waliokuwa nje walishasikia habari za ndani, hawakuja. Hakuna bosi aliyewahi kusimama akasema, "Hamtoki." Hakukuwa na mlinzi mwenye rungu. Ilikuwepo nyota tu. Mkataba wa Subilaga mwenyewe, baada ya kuongezwa mara kadhaa, ulikuwa umekwisha miezi minane iliyopita. Kila Jumapili mama yake alipiga simu kutoka Tukuyu, mwendo wa saa moja kwa gari, akauliza anakuja lini, naye akajibu, "Karibuni, mama."

Kilichomkera zaidi kilikuwa kumbukumbu ya siku alipoijaribu nyota ile, mwezi wake wa kwanza kazini. Jaribio la 88: acha kisanduku cha mwisho wazi. Tarajio: fomu ikatae. Matokeo: imekataa. Alitia vema, akaenda kula wali.

Sasa lilikuwa limekuja toleo jipya la fomu hiyo, na yalibaki majaribio machache. Akaandika tarehe ya kurudi: Februari 30. Kisanduku cha mwisho hakukijaza. Akabonyeza huku mkono mwingine ukitafuta kikombe cha chai.

Taa ikawa kijani.

Alidhani amekosea. Akarudia. Kijani. Akaweka Februari 28: nyekundu, *Jaza nambari ya atakayeziba nafasi yako.* Akarudisha 30: kijani.

Akafungua toleo la zamani, lile lililokuwa likitumika langoni muda wote huo, lile alilolipitisha yeye. Kijani. Miaka mitatu iliyopita alijaribu Aprili 31, Juni 31, Septemba 31, zote zikakataliwa, na Februari akaipima kwa 29 tu. Thelathini hakuifikiria. Nani angeandika Februari thelathini?

Akatafuta katika kumbukumbu za lango. Watu tisa walikuwa wameandika hivyo.

*

Habari humu ndani zilitembea kwa mabomba. Kabla ya chakula cha mchana, Mzee Ntahondi alibisha hodi mlangoni. Alikuwa fundi wa vali wa Sakafu ya Nne, Mha wa Kasulu, mwenye mikono iliyobabuka kwa mvuke mpaka ikang'aa. Subilaga alimfahamu kwa sababu kila fomu mpya ilipotoka, yeye ndiye aliyekuja kuomba asomewe maandishi madogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dada. Nimeambiwa umefungua kumbukumbu za lango asubuhi hii."

"Nani kakuambia?"

"Anayefagia chumba cha sava ana macho." Alikaa bila kukaribishwa, akaweka kofia yake ya kazi magotini. "Umeiona Februari."

Subilaga aligeuza skrini isionekane. Mzee alichukulia hilo kuwa ndiyo.

"Aliyeanza ni Bibi Nzeyimana wa jikoni," alisema. "Dada yake alifariki. Alijaza fomu huku analia, hakujua hata anabonyeza nini. Lango likafunguka. Alipofika kwao akatupigia simu, akatuambia alichoandika. Tangu hapo tunatoka mmoja mmoja, kila wiki mbili, tusishtue watu. Tumepanga foleni. Tuko kumi na wawili bado."

"Na wewe ni wa ngapi?"

"Mimi ni wa kesho." Alitabasamu kidogo, kama aliyeona haya. "Nina mwaka na miezi miwili juu ya mkataba. Mke wangu anavuna mahindi peke yake na goti lake limeoza. Sikuombi uongope, dada. Nakuomba usiseme. Ukitaka, kesho kutwa ni yako. Tumekubaliana uruke foleni."

Maneno yale yalimwingia Subilaga kama harufu ya mvua. Kesho kutwa. Angeandika tarehe isiyokuwepo kwenye kalenda yoyote duniani, kisha angepanda gari la kwenda Tukuyu.

"Nipe mpaka jioni," alisema.

Mzee aliondoka akishukuru. Subilaga alibaki ameukodolea macho ule mlango wa majaribio. Alikuwa mjaribu, na mjaribu hawezi kuona taa ya kijani isiyostahili bila kuuliza imetoka wapi. Akaanza kufuatilia.

Saa mbili baadaye alikuwa amepata jibu, na alitamani asingelitafuta. Mhesabu ulikuwa unatoa ruhusa ya lango mapema, kisha ukaguzi uliofuata ungeweza kuifuta. Ulipofika kwenye Februari 30, tarehe isiyokuwepo ambayo kichujio cha kwanza hakikuijua, ulikwama, na ulipokwama uliruka yote yaliyofuata. Haukuuliza nani ataziba nafasi. Wala haukufikia mstari wa mwisho kabisa, mstari unaopunguza mtu mmoja kwenye idadi ya walio ndani.

Kwa Mhesabu, wale tisa hawakuwahi kutoka.

Akatazama kila mmoja amehesabiwa wapi. Watatu Sakafu ya Nne. Wawili ya Tatu. Wanne ya Pili, sakafu yake mwenyewe.

Machi iliyopita hewa ya ukaa ilipanda Sakafu ya Nne kutoka kwenye ufa. Hewa ile haina harufu. Hulala chini kama maji, ikajaa chumba mpaka kifuani, mpaka kinywani. King'ora kilipolia watu wote walikimbilia juu, na Mhesabu ulipoona idadi ya sakafu imefika sifuri, ulifunga milango mizito, hewa ikabaki huko. Idadi isipofika sifuri, milango haifungwi. Kanuni hiyo iliwekwa kwa huruma, ili mtu yeyote asije akafungiwa na kifo.

Sasa ufa ukifunguka tena, milango ya Nne ingewasubiri watu watatu walioko makwao wanakunywa chai. Ingesubiri, na hewa ingepanda ngazi taratibu hadi Sakafu ya Tatu, walikolala watu mia mbili.

*

Bwana Kalokola, mkuu wa mifumo, alikuwa mtu mpole kutoka Bukoba, mwenye desturi ya kufuta miwani yake kila alipotaka kukwepa jambo. Subilaga alimkuta anakula ndizi.

"Mkuu, nataka tuondoe nyota kwenye kisanduku cha mwisho."

"Imefeli?"

"Haijafeli. Inafanya kazi sawasawa. Ndiyo shida yenyewe."

Kalokola akaweka kijiko chini. "Subi, wewe ni mjaribu. Unapewa matakwa, unapima kama fomu inayatimiza. Matakwa hayatungwi hapa."

"Mtu aliyemaliza mkataba akijaza ukweli mtupu, fomu inamkataa. Akiongopa vizuri, inamkubali. Fomu gani hiyo?"

"Fomu yenye matakwa ya Kampuni." Alivua miwani, akaanza kuifuta. "Sikiliza. Nilikuwa nikuite. Amepatikana mjaribu mpya, yuko Mbeya mjini, anasubiri kibali changu tu. Nambari yake ninayo. Ukisaini leo kwamba toleo jipya ni safi, Jumatatu anaingia yeye, unatoka wewe. Kwa haki kabisa, bila hila."

Subilaga aliishika meza. Alitaka kujua kama Kalokola anajua kuhusu Februari, lakini macho yale yasiyo na miwani hayakuonyesha chochote ila uchovu.

"Na wewe, mkuu? Wako alipatikana?"

"Mimi?" Akacheka bila sauti. "Mimi nina mwaka wa pili juu ya mkataba. Nani anataka kazi yangu?"

Subilaga alirudi chumbani akitembea polepole, akipitisha kiganja kwenye ukuta wenye joto. Akipeleka taarifa ya Februari peke yake, waandishi wa programu wataziba tundu kwa dakika kumi. Wale kumi na wawili watabaki, na wale tisa watafuatwa majumbani na askari wa Kampuni, kwa kuvunja masharti. Akinyamaza, kila wiki mbili ataongezeka mtu mmoja wa kusubiriwa na milango, hadi siku ya ufa. Akisaini kwamba fomu ni safi, yeye atakuwa Tukuyu siku hiyo ikifika. Alizigeuzageuza njia hizo tatu, na kila moja ilimrudisha ndani ya mlima.

Njia ya nne aliipata katika sheria ya usalama, kwenye kile kitabu chenye vumbi ambacho kila mjaribu huapishwa nacho na hakuna anayekisoma. Kosa la daraja la kwanza, yaani linalohatarisha uhai, likisainiwa na mjaribu, husimamisha fomu papo hapo. Fomu ikisimama, lango hurudi kwa mlinzi mwenye daftari la karatasi, anayehesabu watu kwa macho, na ambaye hana ruhusa ya kumzuia aliyemaliza mkataba. Lango hukaa hivyo mpaka mjaribu apitishe fomu iliyotengenezwa.

Mjaribu ndiye anayepanga lipi ni kosa. Angeweza kuandika kwamba kosa si Februari. Kosa ni nyota, kwa kuwa ndiyo inayowalazimisha watu kuongopa, na uongo ndio unaoharibu hesabu.

Lakini kosa la daraja la kwanza lilitaka ushahidi: mtu halisi, jina halisi, aliyepita lango halisi. Tisa alikuwa nao. Kumtaja hata mmoja ilikuwa kumrudisha. Na saini ya mjaribu haikutolewa mahali pengine popote ila kwenye kompyuta ya chumba kile.

Mzee Ntahondi alipokuja jioni, Subilaga alimweleza yote, kuanzia mstari uliorukwa hadi milango itakayosubiri. Mzee alisikiliza akiikunja kofia.

"Sakafu ya Nne ni yangu," alisema mwishowe. "Mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kutoka Machi. Niliusikia mlango ukifunga nyuma ya kisigino changu." Akaikunjua kofia. "Kwa hiyo kesho nisiende."

"Kesho usiende. Nitakwenda mimi."

Uso wa mzee ulibadilika. Subilaga aliona alichokuwa anafikiri, na hakumlaumu.

"Nitarudi," alisema.

"Dada, mtu hutoka humu akarudi?"

"Nisiporudi, fanyeni mtakavyo. Lakini msitoke tena kwa Februari. Tafadhali."

*

Saa nne asubuhi alisimama mbele ya skrini ya lango. Akaandika jina lake halisi na nambari yake. Sababu: *mkataba umekwisha*. Tarehe ya kurudi: Februari 30. Kisanduku chenye nyota akakiacha wazi. Vidole vilivyoongopa mara elfu kwa niaba ya watu wasiokuwepo sasa viliongopa kwa ajili yake.

Lango likafunguka.

Kwanza ilikuwa baridi. Alisahau kwamba hewa huwa na baridi. Kisha ukaja ukungu na migomba yenye umande, na mwanamke mmoja ng'ambo ya barabara akipalilia viazi, ambaye aliinua mkono kumsalimu kama vile kutoka ndani ya mlima ni jambo la kila siku. "Mwaugonile!" aliita kwa Kinyakyusa. Subilaga akaitikia.

Kwenye ukuta wa nje, juu ya lango, palikuwa na ubao wa taa ulioonyesha idadi ya walio ndani, kwa ajili ya waokoaji. Ulisema 612. Alipokuwa bado ndani, Mhesabu ulisema 612. Akageuka, akajipiga picha na simu: uso wake, ubao, barabara nyuma. Saa na dakika zikajiandika kwenye picha. Basi, ushahidi ulikuwa umepatikana. Ilichukua dakika moja.

Alikaa nyingine kumi na tisa. Mwanzoni hakuna aliyemwona ila yule mama wa viazi. Gari dogo la abiria lilipunguza mwendo, kondakta akachungulia. "Tukuyu, dada? Nafasi ipo moja."

Mguu wake uliinuka. Baadaye hakuwahi kulificha jambo hilo: mguu uliinuka wenyewe, na mkono ukagusa mlango wa gari, chuma kikiwa na baridi tamu. Kondakta alinyoosha mkono amsaidie. Nyuma yake, ubao ulikuwa unasema kwamba Subilaga Mwaitebele yuko ndani, Sakafu ya Pili, salama.

"Twende basi, dada, tunachelewa."

"Nendeni," alisema. Ilibidi aseme mara mbili.

Lango la kuingilia halikuwa na fomu. Ulisogea tu, likakufungukia. Aliingia, joto likamkumbatia usoni, na lifti ilipoanza kushuka alikaa sakafuni akalia kwa kwikwi mpaka chini.

Kisha akanawa uso, akaandika. Jaribio la 141: mtu aliyemaliza mkataba, asiye na wa kuziba nafasi, ajaze ukweli. Tarajio: atoke na ahesabiwe. Matokeo: anakataliwa, anasukumwa kuongopa, hesabu ya uhai inaharibika. Daraja la kwanza. Akaambatisha picha yake, akasaini. Palipoulizwa nani ameshapita, aliandika jina moja tu, lake. Kuhusu idadi ya walio ndani aliandika kwamba haiaminiki, watu wahesabiwe upya kwa macho, leo. Rekodi za tarehe mbovu sheria ilimruhusu mjaribu kuzifuta kama data ya majaribio, naye akazifuta zote.

Saa sita kamili skrini ya langoni ilizimika. Mlinzi alitafutiwa daftari, kalamu na stuli.

*

Mzee Ntahondi alikuwa wa kwanza. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, taratibu, mlinzi akamwangalia uso, akamhesabu, akasema, "Safari njema." Wiki ile walitoka watu sitini na mmoja. Mitambo miwili ilizimwa kwa kukosa wafanyakazi, na Kampuni, iliyokuwa imesema haiwezekani, ikaanza kutafuta watu kwa masharti mapya.

Kalokola hakumgombeza. Siku ya kwanza alikuja, akasoma taarifa akiwa amesimama, akasema, "Kibali cha yule wa Mbeya kimefutwa kutoka juu. Unaelewa maana yake?" Subilaga alisema anaelewa.

Siku ya tano lilikuja toleo jipya. Februari ilikuwa imezibwa vizuri. Nyota ilikuwepo. Alipima yote mia na arobaini, yakapita. La 141 likafeli. Akasaini *Imefeli*. Mlinzi akabaki na daftari lake.

Siku ya tisa likaja lingine. Nyota ilikuwa imepakwa rangi ya bluu. Imefeli.

Siku ya kumi na nne, alipokuwa katikati ya toleo la tatu, Kalokola aliingia na begi begani.

"Nimekuja kuaga," alisema. Alionekana mdogo bila meza yake. "Daftari liko wazi, mkataba wangu umekwisha. Nilijiambia, Kalokola, unangoja nini?"

"Safari njema, mkuu."

"Twende wote. Dakika tano tu mpaka juu."

"Nikitoka nafasi inakuwa wazi. Watamweka wa kusaini, atasaini, daftari litafungwa. Bado kuna watu mia nne humu, na wa Sakafu ya Tatu mikataba yao haijafika mwisho."

"Hii ya leo ikoje?"

Subilaga akamgeuzia skrini. Nyota ilikuwa imeondolewa; badala yake palikuwa na maneno madogo ya kijivu chini ya kisanduku: *Ombi lisilo na nambari litasubiri.* Kalokola alivua miwani, na safari hii hakuifuta. Aliinama, akasoma kwa macho matupu karibu na kioo.

"Litasubiri mpaka lini?"

"Haisemi."

Chini ya kila taarifa palikuwa na nafasi ya saini ya mkuu wa mifumo. Katika taarifa tatu zilizotangulia Kalokola alikuwa ameiacha wazi, na Kampuni ilikuwa ikiandika barua kwamba mjaribu mmoja si neno la mwisho. Alilitua begi sakafuni.

"Andika," alisema.

Akaandika *Imefeli*, akasaini. Kalokola akasaini chini yake, jina kamili, tarehe ya kweli. Kisha akatoka, na Subilaga akasikiliza viatu vyake vikienda hadi kwenye lifti.

Barua pepe ikalia. Toleo la nne lingefika Alhamisi. Akatumia nafasi hiyo kwenda jikoni kula, kwa maana kazi ilikuwa bado ndefu na yeye hakuwa anakwenda popote.